Kabla Hujanunua Chembe Kingine: Kutafuta Kosa la Mshale wa Kuwindia

Mpwa wangu anaishi Marekani, jimbo la Wisconsin, huu mwaka wa tatu. Mwezi uliopita alinipigia simu saa nne usiku, mimi nikiwa Iringa najiandaa kulala. Kwake jua lilikuwa bado juu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mjomba, vyembe vinanitesa. Ncha za mazoezi zinapiga katikati kabisa. Nikifunga chembe cha kuwindia, mshale unakwenda zake kushoto. Nimenunua aina tatu, hadithi ni ile ile. Msimu wa kulungu umekaribia. Ninunue kipi?"

Nikamwambia asinunue kitu. Aina tatu zikikosea upande mmoja, chembe hakina kosa. Kosa liko kwenye kitu ambacho hajakibadilisha.

Nimefanya kazi ya kufuata nyayo kwa miaka mingi kwenye vitalu vya uwindaji wa kitalii upande wa Rungwa, na siku hizi natengeneza mishale na kunoa vyembe nyumbani. Wengi wanaokuja kwangu wameshachoma fedha kwenye vyembe vipya kabla hawajautazama mshale wenyewe. Kwa hiyo ninaandika kwa mpangilio wa dalili: unaona nini, kinasababishwa na nini, unatengenezaje.

Kwa asiyeyazoea maneno haya: chembe ni kichwa cha mshale chenye makali, wano ni uti wake, ugwe ni kamba ya upinde, podo ni mkoba wa mishale. Ncha ya mazoezi ni ile ya mviringo isiyo na makali. Makali ya chembe yanakaa kwenye vipande bapa vya chuma, na mimi naviita mabapa. Na kulungu ninayemtaja ni yule wa Marekani mwenye mkia mweupe, dume lake linaota pembe na kuziangusha kila mwaka. Ukoo huo hatunao Tanzania. Huku anayemkaribia kwa mwili ni pongo, wengine humwita mbawala, au tohe wa mbugani.

Jambo la sheria nalisema mapema. Hapa kwetu uwindaji unaendeshwa kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na bila leseni upinde wako ni wa shabaha tu. Ndani ya hifadhi za taifa kama Ruaha na Kitulo hakuna kuwinda. Sumu kwenye mshale imekatazwa. Nenda ofisi ya TAWA, mamlaka inayosimamia wanyamapori, uliza silaha uliyonayo inaruhusiwa kwa mnyama gani na katika eneo gani, upate jibu la maandishi. Nje nako kila nchi ina lake: Uingereza imekataza kabisa kumpiga kulungu kwa mshale, na Marekani kila jimbo lina kanuni zake za nguvu ya upinde na upana wa chembe. Majimbo mengi yanataka chembe kisipungue inchi 7/8, yaani milimita 22 hivi.

Ncha za mazoezi zinapiga katikati, vyembe vinapiga kwingine

Huu ndio ugonjwa wa mpwa wangu, na ndio unaouza vyembe vingi visivyohitajika.

Mabapa ya chembe ni mabawa yaliyofungwa mbele ya mshale. Manyoya ya nyuma yanataka kuuongoza mshale, na mabawa ya mbele nayo yanataka kuuongoza. Mshale ukitoka upindeni umenyooka, pande zote mbili zinakubaliana. Ukitoka umejipinda hata kidogo, mabapa yanashika hewa na kuuvuta mshale kule kichwa kinakoelekea. Ncha ya mazoezi haina mabawa, kwa hiyo kosa lile lile linakuwepo lakini halionekani.

Anza kwa kuangalia kama chembe kimekaa wima juu ya wano. Chukua boksi la viatu, toa kifuniko, kata vijino viwili vya umbo la V kwenye kingo mbili zinazotazamana. Laza mshale humo, chembe kikining'inia nje. Simamisha kipande cha karatasi chenye nukta moja ya kalamu mbele ya ncha, karibu kugusana. Sasa uzungushe mshale polepole kwa kidole kimoja na usiondoe jicho kwenye nukta. Ncha ikibaki pale pale kwenye nukta, mshale huo weka kulia. Ikichora kiduara, hata kidogo kama punje ya ulezi, weka kushoto.

Mishale ya kushoto usiitupe. Fungua chembe kilichoyumba, kifunge kwenye wano zuri, zungusha tena. Kuyumba kukihama pamoja na chembe, chembe ndicho kilichopinda. Kukibaki kwenye wano lile lile la kwanza, basi mdomo wa wano umekatwa upogo, au kikombe chenye hesi kilichogundishwa ndani yake kimekaa vibaya. Jaribio hili la dakika mbili huokoa fedha nyingi kuliko ushauri wowote wa dukani, na ndilo nililomfanyisha mpwa wangu kwenye simu, akiwa ameegemeza kamera kwenye kikombe cha chai.

Mdomo uliokatwa upogo unatibika. Paka wino wa makapeni kuzunguka mdomo wote wa wano. Laza msasa laini juu ya kipande cha kioo, simamisha wano wima, lizungushe juu ya msasa kwa mkono mwepesi. Tazama wino: ukiwa umetoka upande mmoja tu, upande huo ndio mrefu. Endelea hadi wino utoke duara zima, halafu gundisha kikombe upya. Ukiwa unasaga wano la kaboni funga barakoa na usagie nje, vumbi lake si la kuvuta. Na kabla ya kurusha wano lolote la kaboni, lipinde kidogo kwa mikono miwili huku ukisikiliza. Likitoa mlio wa kupasuka, livunje ulitupe. Wano lililopasuka linaweza kupasukia mkononi mwako pale unapoachia ugwe.

Gundi nayo ina lake. Ile ya kuyeyusha kwa moto hulegea ndani ya gari lililofungwa vioo juani, na jua la Pawaga saa nane mchana si la kuchezea. Nimewahi kukuta kikombe kimesogea milimita mbili kwa safari ya siku moja tu.

Boksi likisema mishale yote imenyooka na bado vyembe vinakwenda pembeni, pima uzito. Vyembe huuzwa kwa greni. Gramu moja ni greni 15.4, kwa hiyo chembe cha greni 100 ni gramu 6.5 hivi, na cha greni 125 ni gramu 8.1. Mizani midogo ya kielektroniki wanayotumia wanunuzi wa dhahabu kule Chunya inatosha kabisa. Pima kila chembe na kila ncha ya mazoezi. Utashangaa: pakiti imeandikwa 100, ndani kuna cha 97 na cha 106. Ncha ya mazoezi lazima iwe na uzito wa chembe utakachowindia. Anayefanya mazoezi na 100 halafu akawinda na 125 amejifundisha upinde mwingine.

Halafu ugumu wa wano. Wano linapoachiwa hujipinda na kujinyoosha mara kadhaa kabla halijatulia, na lazima ujipindaji huo uendane na nguvu ya upinde. Namba unayoiona imeandikwa juu yake, tuseme 400, inatokana na kipimo hiki: wano linawekwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, katikati unaning'inizwa uzito wa gramu 880, na inapimwa limeinama kiasi gani. 400 maana yake limeinama inchi 0.400, milimita 10 hivi. Namba ikiwa ndogo, wano ni gumu zaidi. Sasa, ukiongeza uzito wa chembe, wano linakuwa kana kwamba limelegea. Ukilikata fupi, linakuwa kana kwamba limekaza. Ndiyo maana mtu anabadilisha kutoka greni 100 kwenda 150 bila kugusa kitu kingine, halafu anashangaa mishale inatawanyika kama kuku walioona mwewe. Jedwali la mtengenezaji wa wano linakuambia namba inayofaa nguvu ya upinde wako, urefu wako wa kuvuta na uzito wa kichwa. Lifuate.

Mwisho kabisa, baada ya hayo yote, ndipo uguse kitegemeo cha mshale kwenye upinde. Kanuni ni fupi: sogeza kitegemeo kuelekea upande unaotaka chembe kiende. Chembe kinapiga kushoto kwa ncha ya mazoezi, sogeza kitegemeo kulia. Kinapiga chini, kipandishe. Usisogeze zaidi ya milimita moja kwa mara moja. Rusha mishale mitatu ya vyembe na mitatu ya ncha, angalia makundi yako mawili, kisha sogeza tena. Usiguse kilengeo hadi makundi yakutane. Wanaoanza na kilengeo wanaweza kuhangaika wiki nzima, kwa sababu wanauhamisha ugonjwa bila kuutibu.

Fanya kazi hii asubuhi. Iringa upepo wa kiangazi huamka mchana, na mabapa yanausikia upepo kuliko ncha. Shabaha yako iwe maboksi yaliyopangwa na kukazwa kwa kamba ya katani, maana gunia la viroba litachanwa na vyembe siku ya kwanza.

Mshale unapiga mluzi hewani

Mluzi hutoka kwenye mabapa yenye matundu, au bapa lililolegea hesi, au unyoya ulioanza kubanduka. Kaza, gundisha, sikiliza tena ukiwa umesimama pembeni mahali salama, mwenzako akirusha.

Mluzi una madhara gani? Piga hesabu. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Mshale wa upinde wa kisasa wenye magurudumu husafiri mita 80 hivi. Mnyama akiwa mita 25, mlio wa ugwe unamfikia kwa sekunde 0.07, mshale unamfikia kwa sekunde 0.31. Katikati hapo ana karibu robo ya sekunde. Kulungu akishtuka hujiinamisha kwanza ili akusanye miguu ya kurukia, na mshale uliolenga mapafu unampita juu ya mgongo, au unampiga juu mno, jambo ambalo ni baya zaidi. Mtu anarudi akisema chembe kilipanda. Chembe hakikupanda, mnyama ndiye aliyeshuka. Kwa hiyo msogelee zaidi, subiri awe ametulia anakula, tuliza kelele za upinde, na ukiweza tumia mabapa yasiyo na matundu.

Mshale umepiga lakini haukupenya

Hapa ndipo uchaguzi wa chembe wenyewe una uzito, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuna vyembe vya bapa tuli, mabapa yake hayachezi, na kuna vya kufunguka, ambavyo mabapa hulala hewani na kufunguka yakigusa mnyama. Vya kufunguka vinaruka karibu sawa na ncha ya mazoezi, na vikifunguka vyema vinaacha tundu pana, milimita 50 na zaidi. Ndiyo maana vinapendwa. Lakini kule kufunguka kunakula nguvu, na upana nao unakula nguvu. Ukiwa na upinde wenye nguvu ya kutosha hutaona tofauti. Ukiwa na upinde mwepesi, utaiona siku mbaya.

Chukua mifano miwili. Mshale wa greni 400, yaani gramu 26, ukienda mita 80 kwa sekunde una nguvu ya juli 83 hivi. Upinde wa mti unaovutwa kwa nguvu ya paundi 45, mshale wa gramu 27 ukienda mita 55 kwa sekunde, unakupa juli 41. Kampuni ya Easton ya Marekani, inayotengeneza mishale, imeweka kwenye jedwali lake futi-paundi 25 hadi 41 kwa wanyama wa ukubwa wa kulungu, sawa na juli 34 hadi 56. Kwa hiyo upinde ule wa pili unafaa, ila hauna akiba ya kupoteza. Kwa upinde kama huo ushauri wangu haubadiliki: chembe cha bapa tuli, mabapa mawili, upana wa milimita 27 hadi 30, na mshale mzito kidogo. Chembe cha kufunguka kiachie upinde wa paundi 60 na kuendelea.

Mnyama akisimama upogo, chembe cha kufunguka kinaweza kuteleza kwenye ubavu bapa moja likifunguka kabla ya jingine. Cha bapa tuli kinauma pale pale kilipogusa.

Sababu nyingine za kutopenya: mshale ulikuwa bado unayumba ulipofika, kwa hiyo nguvu ikaishia kuutikisa badala ya kuusukuma. Rudi kwenye boksi la viatu. Au ulipiga mfupa wa bega, na hilo ni suala la kulenga. Wanyama wetu, pongo, tohe, swala pala, moyo na mapafu yao vimekaa mbele zaidi na chini zaidi kuliko vya kulungu wa Marekani. Mgeni aliyezoea kulenga nyuma ya bega huku hupiga tumbo. Mpwa wangu naye, alivyokulia akisikiliza hadithi zangu za pongo, nilimwonya asiyahamishe mafundisho yale Wisconsin bila kupima: kwa kulungu, nyuma kidogo ya bega ndipo penye mapafu mapana, eneo lenye upana wa sentimita 20 hivi.

Umepenya, lakini hakuna damu ya kufuata

Nitaeleza jioni moja ambayo sijaisahau.

Tulikuwa kwenye kibanda cha kuvizia karibu na kijito. Mgeni wetu, mtu mzima mtulivu, alimpiga pongo dume saa kumi na moja na nusu jioni, hatua 22. Niliona mshale ukiingia pazuri. Pongo akaruka, akapotelea kichakani. Hatua 50 mbele tukauokota mshale umechomoka, mzima. Damu ilikuwa matone mawili kila hatua kumi, kisha tone moja, kisha hakuna. Giza likaingia, mwindaji bingwa, yule anayewaongoza wageni wa uwindaji, akatusimamisha, na alikuwa sahihi, maana pongo aliyejeruhiwa hugeuka na kukujia. Asubuhi tulikuta pembe na kipande cha ngozi. Fisi walitutangulia.

Nilikiosha chembe kile kijitoni, nikakiweka kiganjani. Kilikuwa cha kufunguka. Bapa moja halikuwa limefunguka kabisa: vumbi la njiani, lile jekundu jembamba kama unga, lilikuwa limegandamana kwenye maungio yake. La pili lilifunguka, ila makali yake nilipoyapitisha kwenye nywele za mkono wangu hayakukata hata unywele mmoja. Kazi ya kukagua vyembe haikuwa yangu siku ile. Lakini macho nilikuwa nayo, na tangu hapo sijamwacha mtu atoke kambini na upinde kabla hajanionyesha makali yake.

Chembe kinaua kwa kukata. Risasi ina mshtuko, mshale hauna. Mshipa uliokatwa kwa makali safi unabaki wazi na damu inatoka. Mshipa uliosukumwa na bapa butu unateleza pembeni, au unachanika kwa kukwaruzwa, na mshipa wa namna hiyo hujifunga upesi. Chembe kikali cha bei ndogo kitakupa njia ya damu. Chembe butu cha bei kubwa kitakupa usiku wa kutolala.

Sababu ya pili ya ukosefu wa damu ni tundu moja tu, la juu. Kulungu huwindwa sana kutoka kwenye dungu lililofungwa mtini, mita 5 au 6 kutoka ardhini. Mshale unaingia juu, na usipotokea chini, damu inajaa ndani ya kifua kabla haijamwagika nje. Kadiri dungu linavyokuwa juu na mnyama anavyokuwa karibu, ndivyo hatari ya kupata pafu moja tu inavyoongezeka. Msubiri asogee mbali kidogo na mti, akiwa amekupa ubavu au ameelekeza kichwa upande wa mbali nawe.

Kabla ya kulaumu chochote, usome mshale uliouokota. Damu nyekundu ya kung'aa yenye povu ni mapafu: subiri nusu saa, kisha fuata. Damu nzito ya rangi ya maini ni ini: subiri kwa muda wa saa nne. Majimaji ya kijani yenye harufu ni utumbo: Wisconsin kwenye baridi ungesubiri kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili. Huku kwetu joto na fisi havikupi muda huo wote, na uamuzi ni wa mwindaji bingwa aliye nawe. Unachokwepa ni kumkurupusha mnyama aliyelala. Akiinuka mara ya pili, anaweza kwenda kilomita.

Makali hayakai

Chukua utepe wa mpira, ule wanaofungia noti sokoni, uvute kati ya vidole viwili, ugusishe bapa bila kukandamiza. Ukikatika mara moja, sawa. Ukibonyea kwanza, bado.

Kinachoua makali mara nyingi ni podo lenyewe. Ukichomeka chembe kwenye sifongo ya podo mara ishirini umeshakinoa kinyumenyume. Kingine ni kuwindia chembe kilichorushwa mazoezini. Tenga kimoja cha mazoezi, kipake rangi, kisiingie podoni siku ya kuwinda. Kingine ni kutu. Ukungu wa Mufindi, mvua za Mbeya za Desemba, umande wa alfajiri popote, vyote vinakula chuma kwa usiku mmoja. Mafuta ya mgando kidogo kwenye kitambaa yanatosha, ila yasiwe ya manukato.

Kunoa: paka makapeni kwenye mteremko wa makali, pitisha kwenye kinoo mara mbili, tazama. Wino ukiwa umetoka ukingoni tu, umeinua mno. Ukitoka nyuma tu, umelaza mno. Unatafuta pembe inayofuta wino wote, kwa vyembe vingi digrii 20 hadi 25 kila upande. Noa upande mmoja hadi kucha yako isikie kijikunjo chembamba upande wa pili, geuza, noa hadi kijikunjo kihame, punguza mkandamizo kila mara, kisha malizia kwa kupitisha kinyumenyume kwenye mkanda wa ngozi. Vyembe vyenye mteremko upande mmoja tu hunolewa upande huo pekee, na uelekeo wa mteremko lazima uendane na msokoto wa manyoya. Vikipingana, mshale unashindana na wenyewe. Vile vya nyembe za kubadilisha usihangaike kuvinoa. Badilisha nyembe.

Ukimaliza kukinoa, kifunge kwa spana yake. Usikaze chembe kwa vidole vitupu. Na usipande dunguni na mshale mkononi: panda kwanza, jifunge mkanda wa usalama, ndipo uvute kwa kamba upinde na podo lililofunikwa.

Chembe kimepinda au bapa limevunjika

Kikipiga jiwe au mfupa, rudi kwenye boksi. Kikichora kiduara kitupe, hata kama kinaonekana kizima kwa macho. Vyenye kiini cha alumini hupinda upesi kuliko vya chuma kitupu. Kwa nyanda zetu zenye mawe mimi hupendelea kipande kimoja cha chuma, hata kama kunoa kwake kunachosha mkono.

Mpwa wangu alinipigia tena Jumapili. Mishale sita aliyoipitisha kwenye boksi, minne ilichora kiduara, na kuyumba kote kulibaki kwenye mawano. Fundi wa dukani alimkatia mawano hayo kwa msumeno bila kusawazisha mdomo. Mpwa wangu aliyasaga yote manne barazani, akagundisha upya, akasogeza kitegemeo milimita moja kulia. Vyembe vya aina ya kwanza kabisa, vile alivyokwisha kuvitia kwenye droo, sasa vinapiga ndani ya upana wa kiganja pamoja na ncha za mazoezi kwa mita 25.

"Na vile vingine viwili, mjomba, niviuze?"

"Vipige kwenye utepe wa mpira kwanza," nikamwambia. "Kisha nipe majibu."

Kimoja kimekata. Cha pili anakinoa wiki hii.